Lithiamu-10 imekwenda wapi?

Ukutani kwenye darasa letu la fizikia hapa Pemba kuna chati niliyoichora kwa mkono, kwa kalamu ya wino mzito, juu ya karatasi nne za manila zilizounganishwa kwa gundi. Kwa asiyejua, inafanana na ubao wa bao uliorefushwa. Kila mstari ni elementi moja: wa kwanza haidrojeni yenye protoni 1, wa pili heliamu yenye 2, wa tatu lithiamu yenye 3, na kuendelea. Mashimo ya kila mstari yanahesabu nyutroni, na namba inayofuata jina la kiini, kama 9 kwenye lithiamu-9, ni jumla ya protoni na nyutroni zake. Kiini cha atomi kinachokaa nimekipaka rangi, kisichokaa nimekiacha tupu.

Wanafunzi wengi huiangalia chati hiyo kama wanavyoangalia kalenda ya mwaka jana. Lakini kuna msichana mmoja wa kidato cha sita alisimama mbele yake wakati wenzake wanatoka, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, akakisogeza taratibu kuelekea kulia.

"Maalim, lithiamu-9 ipo. Lithiamu-11 ipo. Kumi imekwenda wapi?"

Nikampa lile jibu la haraka tunalolitoa walimu tukiwa na njaa: lithiamu-10 haikai, inavunjika papo hapo. Hakuridhika.

"Ikiwa ukiongeza nyutroni moja haikai, ukiongeza mbili inakaaje?"

Swali hilo limewashughulisha wanafizikia kwa miaka arubaini, na njia ya kulijibu inapita ndani ya kiini kile kile ambacho hakipo. Siku ile sikuwa na jibu la kumtosheleza. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Kiini cha atomi ni fungu la protoni na nyutroni lililoshikwa na nguvu ya nyuklia. Nguvu hiyo ni kubwa sana lakini mkono wake mfupi: haifiki mbali zaidi ya femtomita chache, na femtomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni milioni. Kuing'oa nyutroni kwenye kiini kuna gharama yake, na gharama hiyo hupimwa kwa MeV, yaani milioni ya elektroni-volti. Hiyo ndiyo pishi ya wanaopima viini. Kwenye chuma-56, chuma cha majembe na mapanga yetu, kuing'oa nyutroni moja kunagharimu karibu MeV 11. Kwenye heliamu-4 ni zaidi ya MeV 20. Hiyo ni nyumba iliyofungwa kwa makomeo.

Sasa anza kuongeza nyutroni bila ya kuongeza protoni. Bei ya kuing'oa nyutroni ya mwisho hushuka, hufika sifuri, kisha huwa chini ya sifuri. Hapo nyutroni haihitaji kung'olewa, inatoka yenyewe, kwa sababu kiini na nyutroni vikiwa mbalimbali vina nishati ndogo kuliko vikiwa pamoja. Wataalamu huuita ukingo huo mstari wa mdondoko: nyutroni inadondoka kama tone kwenye nguo iliyokwisha kulowa.

Ukingo wenyewe lakini haukunyooka. Usome mstari wa heliamu. Heliamu-4 inakaa. Heliamu-5 haikai, nishati yake imezidi mpaka wa kukaa kwa kiasi cha MeV 0.7. Heliamu-6 inakaa. Heliamu-7 haikai, imezidi kwa MeV 0.4. Heliamu-8 inakaa. Tisa na kumi hazikai tena. Sababu ya kurukaruka huku ni kwamba nyutroni hupenda kwenda mbili mbili. Iliyo peke yake haina mwenza wa kushikana naye, na mvuto wa kiini peke yake hautoshi. Wakija wawili, wanashikana wao kwa wao kidogo na kukishika kiini kidogo, na jumla ya hivyo viwili vidogo inatosha.

Lakini tahadhari. Nyutroni mbili zikiachwa peke yao, bila ya kiini, nazo hazishikamani. Zinakaribia sana, zinakosa kidogo tu. Kwa hiyo kwenye lithiamu-11 tuna mambo matatu: kiini cha lithiamu-9, nyutroni ya kwanza, nyutroni ya pili. Chukua yoyote mawili kati ya hayo matatu, hayakai. Yaweke yote matatu, yanakaa.

Wazee wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mpishi yeyote wa kijijini anajua kwamba na mawili pia hayainjiki. Ulaya viini vya namna hii wamevipa jina la familia moja ya Italia ambayo nembo yake ina pete tatu zilizopitana, ukikata moja zote zinaachana. Mimi darasani naviita viini vya mafya, na sijaona mwanafunzi aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Lithiamu-11 ilianza kushangaza watu mwaka 1985, pale Isao Tanihata na wenzake walipochapisha vipimo walivyovifanya Berkeley, Marekani. Njia yao ilikuwa rahisi kuieleza. Ukimrushia mtu machungwa gizani, mnene atapigwa mara nyingi kuliko mwembamba. Walirusha isotopu za lithiamu, yaani aina zake zenye idadi tofauti ya nyutroni, moja moja kwenye shabaha na kuhesabu ngapi zinagonga. Lithiamu-11 iligonga mara nyingi kupita kiasi kwa kiini chenye chembe 11 tu. Ilikuwa imetanuka. Miaka miwili baadaye Gregers Hansen na Björn Jonson walieleza kwa nini: nyutroni mbili za mwisho zimeshikwa kwa nguvu ndogo mno (leo tunajua gharama ya kuzing'oa zote mbili ni MeV 0.37 tu) kiasi kwamba zinatandaa mbali na lithiamu-9, kama ule mzingo wa mwanga hafifu unaoonekana kuuzunguka mwezi siku za mawingu membamba. Utando huo unafika mbali kiasi cha kukaribia ukubwa wa kiini cha risasi, chenye chembe 208.

Na ili ujue mafya matatu yanashikanaje, lazima ujue kila mawili yanavutanaje. Mvutano wa nyutroni na nyutroni umepimwa kwa njia nyingine. Umebaki mvutano wa nyutroni na lithiamu-9. Weka nyutroni moja juu ya lithiamu-9: umepata lithiamu-10. Kwa maneno mengine, huwezi kuieleza lithiamu-11 iliyopo bila ya kuijua lithiamu-10 isiyokuwepo. Ndiyo maana watu wamejenga mitambo mikubwa kuchunguza kitu ambacho kwenye chati yangu ni shimo tupu.

Hapa panahitaji utulivu kidogo, kwa sababu "haipo" ina daraja zake.

Wapitie kichwani wapita njia wa mtaa wowote wa Mji Mkongwe. Nyumba ina mlango, na nje ya mlango ina baraza. Mtu anaweza kuingia ndani, akafunga mlango. Huyo amekaa. Mwingine haingii, lakini anakaa barazani, anakunywa kahawa, anazungumza, kisha anaondoka. Hakuwa mkaazi wa nyumba ile, lakini kwa muda alikuwa na mahali pake, na ukiuliza watu watakwambia alikaa wapi na kwa muda gani. Wa tatu anapita tu. Akifika mbele ya nyumba anapunguza mwendo, anatoa salamu, anageuza shingo, anaendelea na safari. Hakukaa hata kidogo. Lakini ungekuwa juu dirishani ukihesabu wapita njia, ungeona kwamba mbele ya nyumba ile watu wanasongamana kuliko mbele ya nyumba nyingine.

Kwenye fizikia ya viini, wa kwanza ni hali iliyofungwa. Wa pili ni rezonansi. Wa tatu wanamwita hali isiyo halisi, jina ambalo silipendi hata kidogo, kwa sababu linamfanya msikilizaji adhani ni uzushi. Mimi namwita mpita njia.

Baraza ya nyutroni inatoka wapi? Protoni ikitaka kutoka kwenye kiini inakutana na ukuta wa umeme, kwa sababu ina chaji. Nyutroni haina chaji, ukuta huo haiujui. Kinachoweza kuizuia ni mzunguko wake yenyewe. Nyutroni inayokizunguka kiini, kama jiwe lililofungwa kwenye kamba, hukutana na kizingiti wakati wa kutoka, na kadiri inavyozunguka sana ndivyo kizingiti kinavyokuwa kirefu. Kizingiti hicho ndicho baraza. Kuna nyutroni zisizozunguka kabisa, ambazo wanafizikia huziita za wimbi s. Zinazozunguka kwa kipimo kimoja ni za wimbi p, za vipimo viwili ni za wimbi d. Ya wimbi s imefika kwenye nyumba isiyo na baraza, mlango unafungukia njiani moja kwa moja. Ama iingie ndani, ama ipite. Haina pa kukaa. Kwa hiyo wimbi p na d huweza kutoa rezonansi, na wimbi s lisipofungwa hutoa mpita njia.

Muda wa kukaa barazani tunaupata kwa upana wa kilele kwenye grafu ya nishati: kikiwa kipana, mgeni aliondoka haraka. Upana wa MeV 1 ni sawa na muda usiofika sehemu 0.000000000000000000001 ya sekunde. Nimezihesabu sifuri, ziko ishirini baada ya nukta. Ni muda mdogo mno, lakini nyutroni ndani ya kiini inauwahi kwenda na kurudi mara kadhaa. Kwa mizani ya kiini huyo ni mtu aliyekunywa kikombe chake cha kahawa. Ila elektroni haziwahi kujipanga kulizunguka fungu la namna hiyo, na wakuu wa kemia duniani wanataka elementi mpya iishi angalau sekunde 10⁻¹⁴ kabla ya kuipa jina. Lithiamu-10 kama atomi haijapata kuwepo hata mara moja. Kama kiini, imepita barazani mara nyingi sana.

Unampigaje picha mtu aliyekwisha kuondoka? Unawakamata walioachana, unahesabu kurudi nyuma.

Wapimaji huchukua miale ya lithiamu-11 inayokwenda kwa sehemu kubwa ya kasi ya mwanga, wanaipitisha kwenye shabaha, na mgongano unaibandua nyutroni moja. Kilichobaki ni lithiamu-10, ambayo papo hapo inaachana kuwa lithiamu-9 na nyutroni. Vyote viwili vinaendelea mbele, bega kwa bega, kwa kasi ile ile ya mwale. Na hapa ndipo penye ufundi. Fikiria ngalawa mbili kwenye mkondo wa Pemba, zimesukumana na kuachana. Mkondo unazichukua zote kaskazini kwa kasi kubwa, lakini mkondo ni wao wote. Ukitaka kujua zilisukumana kwa nguvu gani, usiutazame mkondo, tazama zinavyotengana. Nishati ya mwale inaweza kuwa MeV 250 kwa kila chembe, lakini inayotafutwa ni ile ya kutengana, nusu MeV au chini yake. Ni kama kutafuta sumni iliyodondoka kwenye gunia la karafuu.

Lithiamu-9 ina chaji. Sumaku kubwa inaikunja njia yake, na mkunjo unasema mwendo wake. Nyutroni ndiyo kazi. Sumaku haiigusi, na inaweza kuupenya ukuta kama haikuuona. Huwekewa, mita kumi au zaidi mbele, ukuta mnene wa mihimili ya plastiki maalumu. Nyutroni ikibahatika kugonga protoni ndani ya plastiki, protoni inaruka na plastiki inatoa cheche ya mwanga. Wakati wa cheche unasema kasi, mahali pa cheche panasema mwelekeo. Zikiwa nyutroni mbili au zaidi mambo yanaharibika, maana nyutroni moja inaweza kugonga muhimili huu, ikadunda, ikagonga na ule, ukadhani zimekuja mbili. Sehemu kubwa ya kazi ya watu hawa ni kuthibitisha kwamba wale wawili waliopiga hodi si mtu mmoja aliyepiga hodi milango miwili.

Mwisho wanachora grafu: nishati ya kutengana chini, idadi ya matukio kwenda juu. Grafu hiyo, hasa kipande chake cha karibu na sifuri, ndiyo umbo la nishati ndogo la kiini kisichofungwa. Kilele kikisimama peke yake, palikuwa na mgeni barazani. Mlundikano ukiegemea kwenye sifuri, huenda ni mpita njia.

Na lithiamu-10 inaonyesha nini? Vyote viwili. Kuna rezonansi ya wimbi p karibu na nusu MeV, na kuna mlundikano wa wimbi s pale chini kabisa, mpita njia aliyekosa kidogo tu kuingia ndani.

Hili lilitakiwa lisiwezekane. Mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba nyutroni na protoni hujaza matabaka kama watu wanaojaza safu msikitini, na safu zikijaa kamili kwenye 2, 8, 20, 28, 50, 82 na 126, kiini huwa imara zaidi, ndipo namba hizo zikaitwa za ajabu. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Kwa mpangilio wao, nyutroni ya saba inakaa kwenye wimbi p, safu inajaa kwenye ya nane, ndipo safu ya juu, yenye wimbi s na d, inaanza.

Rudi kwenye chati na ushuke safu wima ya nyutroni saba. Kwenye kaboni-13, yenye protoni 6, utaratibu unafuatwa: nyutroni ya saba iko wimbi p, na hali ya wimbi s iko juu yake kwa MeV 3.1. Ondoa protoni mbili ufike beriliamu-11, yenye 4. Sasa wimbi s limeshuka chini ya p, na hali ya p ndiyo iliyo juu, kwa MeV 0.3. Safu zimepinduana. Igal Talmi na Issachar Unna waliyaeleza haya mwaka 1960 kwa hesabu ambayo kidato cha sita wanaimudu: walichukua kaboni-13 na boroni-12, wakaona wimbi s linavyoshuka kila ukiondoa protoni, wakaunyoosha mstari. Hakuna kompyuta humo. Nimewahi kuwapa wanafunzi namba wauchore mstari huo wenyewe, na nyuso zao zilivyobadilika niliziona.

Ondoa protoni moja zaidi, umefika lithiamu-10. Mstari unaendelea pale pale. Wimbi s liko chini, ila protoni tatu hazina nguvu ya kuifunga nyutroni, ndipo ikabaki mpita njia.

Sasa jibu la swali la yule msichana linaanza kukaa sawa. Nyutroni mbili za lithiamu-11 hazikujipanga zote kwenye wimbi p kama kitabu kinavyotaka. Vipimo vilivyofanyika Darmstadt, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1999, vilionyesha kwamba karibu nusu ya wakati ziko kwenye wimbi s. Na wimbi s, tumesema, halina kizingiti. Nyutroni isiyo na kizingiti inaweza kutandaa mbali sana nje ya nyumba. Utando ule uliogonga machungwa ya Tanihata unatokana na mpita njia wa lithiamu-10. Kwenye lithiamu-10 anapita peke yake na kwenda zake. Kwenye lithiamu-11 wanakutana wawili mbele ya mlango ule ule, wanashikana mikono, na kule kushikana kunawatosha kubaki. Wanabaki muda mfupi, kweli. Lithiamu-11 nusu yake huoza kwa njia nyingine katika sehemu 9 za elfu ya sekunde. Ukilinganisha na sifuri ishirini za juu, huo ni umri wa mbuyu.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalikwenda kwa utulivu. Mwaka 2017 kundi lililofanya kazi kwenye maabara ya TRIUMF, Kanada, lilitumia njia nyingine: badala ya kubandua nyutroni kutoka lithiamu-11, waliipa lithiamu-9 nyutroni moja kutoka kwenye haidrojeni nzito. Wakakiona wazi kilele cha wimbi p karibu na MeV 0.45. Mpita njia wa wimbi s hawakumwona vizuri. Watu wakaulizana, yupo au hayupo? Wanahesabu walipokaa chini walionyesha kwamba lithiamu-10 ile ile inaweza kutoa grafu zote mbili, kwa sababu kila mmenyuko unamulika upande wake. Ukiibandua nyutroni kutoka kwenye utando, unarithi wimbi s lililokuwemo. Ukiipachika kwa kasi, mzunguko wa wimbi p unapendelewa. Ni mtaa ule ule, mmoja anahesabu asubuhi watu wakienda sokoni, mwingine jioni baada ya magharibi.

Beriliamu-13 ni fujo zaidi, na nitaipitia mbio. Yenyewe kwa beriliamu-14 ni kama lithiamu-10 kwa lithiamu-11. Karibu wote wanakubaliana kwamba kuna hali ya wimbi d kwenye MeV 2. Chini yake, karibu na nusu MeV, kuna mlundikano ambao wengine wameusoma kuwa wimbi s na wengine wimbi p, na kila upande una vipimo vya kuonyesha. Kinachozidisha utata ni kwamba beriliamu-12 inayobaki baada ya kuachana inaweza kubaki imesisimka, imebeba MeV 2.1 mfukoni, kisha ikazitoa kama mionzi ya gama. Usipozikamata gama hizo, tukio la nishati kubwa linajiandika kwenye grafu kama tukio la nishati ndogo. Umemhesabu mtu aliyeshuka ghorofani kuwa mtu aliyekuwa barazani.

Kwenye oksijeni kuna jambo zuri zaidi. Oksijeni-24 ndiyo ya mwisho inayokaa. Oksijeni-25 imezidi kwa MeV 0.75. Oksijeni-26, kwa vipimo vya maabara ya RIKEN, Japani, vya mwaka 2016, imezidi kwa MeV 0.018 tu. Itazame namba hiyo. Oksijeni-26 haiwezi kutoa nyutroni moja kwanza ikawa oksijeni-25, kwa sababu 25 iko juu yake. Ingebidi ipande ngazi ili ishuke. Lazima zitoke mbili kwa pamoja. Kisha mwaka 2023 kundi hilo hilo la RIKEN lilitangaza kuiona oksijeni-28, yenye protoni 8 na nyutroni 20. Walianza na miale ya kalsiamu-48, wakapata florini-29, wakaipitisha kwenye haidrojeni ya kimiminika ili ibanduke protoni moja, na wakazikamata nyutroni nne zote pamoja na oksijeni-24 iliyobaki. Nane ni namba ya ajabu, ishirini ni namba ya ajabu, na kwa kitabu cha zamani kiini hicho kilitakiwa kuwa ngome. Kimezidi kwa karibu MeV 0.46, hakikai, na dalili zilizopatikana zinasema safu yake ya ishirini haikujaa kama inavyopaswa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko huko RIKEN, walirusha heliamu-8 na kuibandua ile heliamu-4 ya katikati, zikabaki nyutroni nne bila ya protoni hata moja. Kwenye MeV 2.4 hivi waliona kilele. Ni rezonansi ya kweli, au ni alama ya namna nyutroni zilivyokuwa zimejipanga ndani ya heliamu-8 kabla ya kuachwa uchi? Mabishano yanaendelea, na mimi naegemea hilo la pili, ingawa mtu wa chaki kama mimi hana haki kubwa ya kuegemea.

Kuna wanaouliza haya yote ya nini, na kwa hawa huwa nawapa kaboni. Dakika chache baada ya ulimwengu kuanza, ujenzi wa elementi ulikwama kwenye heliamu kwa sababu hakuna kiini cha chembe tano kinachokaa, wala cha chembe nane. Beriliamu-8, ambayo ni heliamu-4 mbili zilizogusana, imezidi kwa MeV 0.092 tu na inaachana. Lakini ndani ya nyota, kabla haijaachana, mara chache mno heliamu ya tatu huwahi kuikuta, zikapatikana mafya matatu na ikawa kaboni-12. Kaboni ya mkaa, ya karafuu, ya mkono ulioshika chaki, yote ilipitia kwa mgeni wa barazani.

Wiki iliyofuata nilimwita yule msichana nikamweleza, si kwa urefu huu. Akaniomba penseli. Kwenye shimo la lithiamu-10 akachora duara la nukta nukta, na ndani yake herufi mbili, s na p. Kisha akashuka mstari mmoja, akaweka ncha ya penseli kwenye beriliamu-13.

"Na hapa niandike nini, Maalim?"

Nikamwambia aandike d, na chini yake aache nafasi.